Machekeche Matano

Gunia limefika stendi ya Mbezi kwa basi la usiku,
limefungwa kamba ya katani, limeandikwa kwa mkaa:
MLIMANI, MAABARA YA MIAMBA. MPENI SIWEMA.
Lemburisi alinipigia toka Ngaresero, sauti inakatika:
"Umekohoa Jumanne, mara tatu.
Si kikohozi cha kutisha. Mbuzi hawakuacha hata kula."

Si hasira, maana najua watasema hasira.
Wasemao mlima umekasirika
hawajawahi kufungua soda iliyotikiswa njia nzima.
Chini kule, uji wa mawe umemeza hewa.
Viputo vinapanda, vinakutana, vinanenepa,
vinafika kooni na kukuta kizibo cha mawe ya zamani
kilichojiona mwenye nyumba.
Kisha
pu.
Uji unachanika vipande, matone yanaganda yangali angani,
na kuta za koo zinang'oka pamoja nayo;
ndiyo maana humu guniani mna jiwe la juzi
na jiwe la enzi na enzi, yamebanana, hayajuani.

Umeme umekatika. Mashine ya kutikisa imelala.
Machekeche matano nimeyapandanisha kama sufuria za shughuli,
lenye matundu mapana juu, lenye matundu ya hariri chini,
natikisa kwa mikono, kiuno kikifuata.
Hili sikulisomea Mlimani.

Mama aligonga kokoto Kunduchi Mtongani.
Nyundo ikishuka, mapande yalibaki miguuni pake,
mazito, matiifu.
Ya kati yaliruka hadi kwa Mwanshamba, jirani,
akayarudisha kwa kucheka na tusi dogo.
Kichembe kimoja, kidogo kuliko punje ya uwele,
kilikwenda kwenye jicho la kushoto.
Na vumbi? Vumbi halikumgonga mtu.
Lilinyanyuka polepole kama mgeni anayeaga,
likakaa juu ya uji wetu, juu ya daftari langu la hesabu,
likaingia kifuani mwake na kuhamia moja kwa moja.
"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema,
akikung'uta kanga, na kanga ikatoa moshi bila moto.

Naandika.
Chekeche la kwanza: gramu mia sita na kumi na mbili.
Haya yaliokotwa hatua mia moja tu toka mdomo wa mlima,
makubwa kama ngumi ya mtoto. Yalirushwa, yakapinda, yakaanguka;
upepo haukuwa na la kuyaambia.
La pili, mia mbili na tisa. Ukubwa wa maharage.
La tatu sikumbuki bila kuangalia karatasi.
La nne, laini kama chumvi ya mezani.
Sahani ya chini kabisa: gramu nne.
Nne. Nimezima feni ya betri ili nizipime.

Lemburisi anauliza, kama waulizavyo wote:
"Makubwa yalifika wapi?"
Fomu nayo inauliza hivyohivyo, ina mstari mrefu wa jibu.
Gramu nne hazina mstari.
Asubuhi nilizikuta zimebadilika rangi mezani,
jana nyeusi, leo nyeupe:
unyevu wa Dar umezikamata ugenini usiku mmoja tu.

Nimerudi Mtongani jua likiwa kali bado.
Mama kanigeuza bega mlangoni, kwa jicho lililobaki.
"La wapi hili jeupe?"
"Lengai."
"Kaskazini kote huko?"
"Kote huko."

Hakusema kitu.
Akalowesha ncha ya kanga kwenye ndoo,
akanifuta taratibu, toka shingoni kushuka,
na muda wote huo
alikuwa amebana pumzi.